Nini Hukifanya Kitu Kiwe Kitakatifu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu huuliza mara nyingi kuhusu utakatifu: katika dini kubwa, katika dini za jadi, na katika zile njia za batini zinazofundishwa kwa wachache. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Nikitoa maoni yangu nitasema ni yangu.

Neno "takatifu" limetoka wapi?

Limezaliwa na kitenzi kutakata, yaani kuwa safi bila doa. Anga hutakata mawingu yakiondoka, nguo hutakata ikifuliwa. Kwa hiyo Mswahili anapotamka "takatifu", mlango anaouingilia ni wa usafi.

Lugha nyingine zimeingilia mlango mwingine. Neno la Kiebrania, kadoshi, wataalamu wengi hulieleza kwa maana ya kutengwa, kuwekwa kando. Kiarabu kina mzizi wa Quds na Baitul Muqaddas, majina ya Yerusalemu, lakini kina pia mzizi wa pili ambao kwangu mimi ndio unaofundisha zaidi. Haramu ni kilichokatazwa. Haram ni eneo tukufu linaloizunguka Kaaba. Ihramu ni hali anayoiingia anayekwenda kuhiji. Muharramu ni mwezi ambao vita vilikatazwa. Mzizi mmoja umebeba katazo na heshima, na hakuna anayeweza kuvitenganisha bila kuuvunja.

Warumi walikwenda mbali zaidi. Neno lao sacer lilimhusu aliyewekwa wakfu kwa miungu, na lilimhusu pia aliyelaaniwa: mtu akitangazwa sacer, yeyote angeweza kumuua bila kuhesabiwa muuaji, ila hakuruhusiwa kutolewa kafara. Na lile neno lao profanus, ambalo siku hizi hutafsiriwa kama "najisi", asili yake ni "mbele ya hekalu". Maana yake mtu au kitu kilicho nje ya mlango tu, si lazima kiwe kichafu.

Huko visiwa vya Polinesia neno ni tapu. Nahodha James Cook alilisikia Tonga mwaka 1777, na kwa njia hiyo likaingia lugha za Ulaya. Sisi hatukuhitaji kulikopa, tulikuwa na mwiko.

Kwa hiyo utakatifu na usafi si kitu kimoja?

Ni majirani, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Dini nyingi hudai usafi kabla ya kukaribia: udhu, kuoga mtoni, kusukutua kinywa kwenye birika la lango la hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Japani. Lakini usafi huo ni wa anayekuja, ni maandalizi ya mkutano.

Mfano ninaoupenda umo katika Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi. Humo imeamuliwa kwamba maandiko matakatifu huitia mikono unajisi. Ukiisikia mara ya kwanza unadhani umesikia vibaya. Kitabu kitakatifu kinajisi mikono? Marabi wa baadaye walieleza sababu: watu walikuwa wakiweka magombo pamoja na chakula kilichotengwa kwa ajili ya makuhani, wakiona vyote viwili ni vitakatifu na vinafaa kukaa pamoja. Panya walifuata chakula, wakatafuna na magombo. Basi ikawekwa hukumu hiyo ili mtu asithubutu kuviweka mahali pamoja. Unajisi wenyewe ukageuzwa ua wa kukilinda kitakatifu.

Mbona basi kitu kitakatifu kinaogopwa? Si kinapaswa kupendwa?

Vyote viwili. Aliyelieleza hili kwa nguvu zaidi ni Rudolf Otto, mwanateolojia wa Kijerumani, mwaka 1917. Alisema mbele ya kitakatifu mtu hutetemeka na huvutwa kwa wakati mmoja. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1911, alikuwa ndani ya sinagogi katika mji wa Mogador, Moroko, akasikia waumini wakiimba "Kadoshi, kadoshi, kadoshi", maneno ya malaika katika maono ya Isaya. Mprotestanti huyu, katika nyumba ya ibada isiyokuwa yake, alishikwa na kitu ambacho baadaye alikitafutia majina kwa miaka.

Soma kisa cha Uza katika kitabu cha pili cha Samweli. Sanduku la Agano limo garini, ng'ombe wanajikwaa, Uza ananyosha mkono alizuie lisianguke, anakufa papo hapo. Wahubiri wengi hukipita kisa hiki haraka kwa sababu kinaudhi. Nia ya Uza ilikuwa njema! Lakini msimulizi halifichi hilo. Anasema Daudi alikasirika kwanza, kisha akaogopa, na akakataa kulipeleka Sanduku mjini kwake siku ile. Ninaliamini andiko hilo kwa sababu limemwachia Daudi hasira yake.

Je, utakatifu umo ndani ya kitu chenyewe, au sisi ndio tunaokipa?

Hili ndilo swali lenyewe, na majibu ya dini hayakubaliani. Hata ndani ya dini moja hayakubaliani.

Tuanze na mlima. Musa anakiona kijiti kinachowaka bila kuteketea, na sauti inamwambia avue viatu kwa maana mahali anaposimama ni nchi takatifu. Kurani, katika Sura Taha, ina agizo hilohilo: vua viatu vyako, uko katika bonde takatifu la Tuwa. Tazama kwamba Musa alikuwa akichunga tu. Hakujua. Mahali hapo hapakuwa na alama, wala yeye hakupatukuza. Aliambiwa. Katika masimulizi haya utakatifu hautokani na mtu, nao pia si tabia ya udongo. Unatokana na Yule aliyesema.

Sasa Hajarul Aswad, lile jiwe jeusi la Kaaba. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alilibusu, huku akisema anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba lau asingemwona Mtume akilibusu asingelibusu. Watu wengi hudhani mwenye imani kubwa ndiye anayeona nguvu ndani ya jiwe. Umar anaonyesha imani ya namna nyingine: heshima kamili, bila kulipa jiwe kisicho chake.

Wakristo waliligombania swali hili kwa damu, juu ya sanamu na picha takatifu. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 uliamua kwamba picha huheshimiwa lakini haiabudiwi, na heshima inayopewa picha humwendea yule aliyechorwa. Miaka mia saba na zaidi baadaye, wakati wa Matengenezo ya Kiprotestanti, makanisa mengi ya Ulaya yalifuta picha zake kutani, kwa kuona kwamba tofauti hiyo waumini wa kawaida hawaishiki.

Kwa Wahindu mambo yanakwenda kwa mwendo wa kuvutia sana. Sanamu ya mungu inapochongwa ni kazi ya fundi tu. Kisha hufanyiwa ibada ya kuitia pumzi, prana pratishtha, na toka hapo huhudumiwa kama mgeni wa heshima. Katika sikukuu ya Durga, siku zikiisha, mungu wa kike huagwa, na sanamu ile ile iliyokuwa ikipigiwa magoti huzamishwa mtoni iyeyuke. Wanaozamisha hawakufuru. Mgeni amekwishaondoka.

Na Japani, hekalu kuu la Ise hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha jirani, kwa mbao mpya na ufundi uleule. Desturi hiyo ilianza katika karne ya 7, na mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013. Aliyezoea kudhani kwamba utakatifu hukaa katika ukale wa mawe anapata shida hapa. Mbao ni changa na hekalu ni la kale.

Maoni yangu: swali la "ndani au nje" halitupeleki mbali. Nikitaka kujua watu fulani wanatukuza nini, siwaulizi kitu hicho kina nini ndani yake. Nawatazama wanajizuia kufanya nini mbele yake. Musa alijizuia viatu. Ihramu humzuia hujaji kuwinda na kukata nywele. Kuhani mkuu wa Yerusalemu aliingia Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hekalu, siku moja tu kwa mwaka, na wengine wote hawakuingia kabisa. Mkono unaozuiliwa ndio ushahidi.

Ni lazima pawe na mahali?

Hapana. Katika kitabu cha Mwanzo kitu cha kwanza kabisa kutakaswa ni siku. Mungu aliibariki siku ya saba akaitakasa, kabla ya mlima wowote, kabla ya hekalu lolote. Waislamu wana Laylatul Qadr, usiku ulio bora kuliko miezi elfu, ambao hata tarehe yake imefichwa ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani ili watu wautafute. Na wako Wakwekari, Wakristo wanaokutana kwa kimya, ambao kwa jadi walikataa sikukuu kwa sababu kwao kila siku ni ya Mungu sawasawa.

Kitabu nacho kinaweza kuwa mwenye nyumba. Kwa Wasikh, tangu mwaka 1708, Guru wao ni andiko, Guru Granth Sahib. Asubuhi huletwa kwa heshima na kuwekwa juu ya kiti chake, hupepewa, na usiku hupelekwa kulazwa.

Vipi dini zisizomtaja Mungu muumba, kama Ubuddha? Huko kuna kitakatifu?

Kipo, ila hakikai mahali unapokitafuta. Wabuddha huhiji Bodh Gaya, mahali Buddha alipopata mwangaza, huzunguka stupa, yaani minara ya masalia matakatifu, huinama mbele ya sanamu. Hata hivyo Nagarjuna, mwanafikra wa India wa karibu karne ya 2, alisema hakuna tofauti hata chembe kati ya samsara, huku kuzunguka kwa mateso, na nirvana, kule kukombolewa nako. Ukilitafakari neno hilo kwa dhati, ua wote unaozungushiwa kitakatifu unatikisika. Bado wafuasi wa mafundisho hayo waliendelea kuvua viatu mlangoni.

Mila za batini zinasema nini ambacho dini za kawaida hazisemi?

Kwanza tulitumie neno letu vizuri. Batini ni kilicho ndani, dhahiri ni kilicho nje. Anayefuata njia ya batini mara nyingi hajaiacha dini. Anasema dini yake ina vyumba vya ndani.

Wanakabala, wafuasi wa njia ya batini ya Kiyahudi, ndio walionishangaza zaidi. Isaac Luria alifika Safed, Galilaya, mwaka 1570, akafa mwaka 1572 akiwa hajafika miaka 40. Karibu hakuandika kitu. Wanafunzi wake, hasa Hayyim Vital, ndio waliohifadhi mafundisho. Alifundisha kwamba mwanzoni hapakuwa na nafasi ya ulimwengu, kwa sababu Asiye na Mwisho alijaa kote. Basi akajikunyata, akajiondoa, ili papatikane pengo la kuumbia. Nuru ikamiminwa katika vyombo, vyombo vikapasuka, cheche zikatapakaa kila mahali, hata ndani ya vitu vya hovyo. Kazi ya mtu ni kuziinua kwa kila tendo jema, kwa kila sala, hata kwa namna anavyokula.

Angalia mambo mawili. La kwanza, cheche zikiwa zimo kila mahali, mpaka kati ya kitakatifu na cha kawaida unakuwa mwembamba sana. La pili, na hili sikulitarajia: anayejizuia wa kwanza ni Mungu mwenyewe. Kabla Musa hajavua viatu, Muumba alikuwa amekwisha kurudi nyuma hatua moja ili kiumbe kipate pa kusimama.

Katika tasawufi, njia ya batini ya Kiislamu, Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Dameski mwaka 1240, aliona kila kilichopo kama mahali ambapo majina ya Mungu yanadhihiri. Kuna shairi lake ambamo moyo umekuwa tayari kupokea kila sura, malisho ya paa, nyumba ya watawa, Kaaba ya wanaotufu. Siku hizi hunukuliwa sana na watu wanaotaka kusema sheria haina maana. Ibn Arabi mwenyewe alikuwa mshika sheria. Huo ni udhalimu anaofanyiwa, na nimeona niutaje.

Njia ya Hermesi huko Ulaya inafaa kujulikana kwa sababu nyingine. Mwaka 1463 Cosimo de' Medici, tajiri mwenye nguvu wa Florence, alimtaka mwanazuoni Marsilio Ficino aache kwanza kumtafsiri Plato, atafsiri maandiko yaliyosemwa kuwa ya Hermesi, mwenye hekima wa Misri aliyedhaniwa kuwa wa kale kama Musa. Kwa miaka 150 wasomi waliyaheshimu kwa umri huo. Mwaka 1614 msomi Isaac Casaubon akaonyesha, kwa kuichambua lugha yake ya Kigiriki, kwamba yaliandikwa katika karne za kwanza baada ya Kristo. Waliokuwa wakiyatukuza kwa umri wake wakabaki mikono mitupu. Waliokuwa wakiyasoma kwa yaliyomo waliendelea kuyasoma.

Kwa nini mambo hayo yawe siri? Si dalili ya udanganyifu?

Wakati mwingine ni udanganyifu, na heri tuseme wazi: anayeuza siri kwa bei inayopanda kila ngazi, au anayeitumia siri kuwashika watu miili na mali zao, mwepuke.

Lakini siri si uongo siku zote. Huko Eleusis, karibu na Athene, watu waliingizwa katika ibada za siri kwa zaidi ya miaka elfu moja. Waliingia wengi mno, watumwa na mabwana, na hadi leo hatuna maelezo kamili ya kilichoonyeshwa mle ndani. Walikaa kimya! Alcibiades, mkuu wa majeshi wa Athene, alishtakiwa mwaka 415 kabla ya Kristo kwa kuziigiza ibada hizo kwenye karamu za nyumbani, na akahukumiwa kifo akiwa hayupo. Nako Baghdad, mwaka 922, aliuawa al-Hallaj, aliyesema "Mimi ndiye Haki", na Haki ni mojawapo ya majina ya Mungu. Baadhi ya Masufi waliomfuata hawakusema alidanganya, walisema alitangaza kisichotangazwa.

Katika hekalu la Zenkoji huko Nagano, Japani, sanamu kuu ya Buddha haionyeshwi kwa mtu yeyote. Kinachoonyeshwa ni nakala, nayo kila baada ya miaka sita tu, ambayo kwa hesabu ya jadi yao huitwa saba. Watu humiminika kuiona nakala. Ukisema wamedanganywa utakuwa hujawaelewa, kwa sababu kila mmoja wao anajua ni nakala.

Kitu kitakatifu kinaweza kuacha kuwa kitakatifu?

Kwa Durga tumeona, ndiyo, kwa kuagwa. Kanisa linaweza kuondolewa wakfu likawa jengo la kawaida.

Wayahudi wana njia ya upole sana. Karatasi yenye jina la Mungu ikichakaa haitupwi wala haichomwi. Huwekwa stoo ya sinagogi iitwayo geniza, kisha huzikwa. Katika sinagogi la Ben Ezra, Kairo, stoo hiyo haikumwagwa kwa karne nyingi. Kwa vile watu waliogopa kutupa chochote chenye herufi za Kiebrania, humo zilijikuta pia mikataba ya ndoa, hesabu za wafanyabiashara na barua za ndugu waliokuwa safarini. Mwanazuoni Solomon Schechter alipofika mwaka 1896 alikuta shehena ya vipande ambayo wanazuoni wanaifanyia kazi mpaka leo. Maisha ya watu wa kawaida yamehifadhiwa kwa sababu mtu aliogopa kuchana jina moja.

Na lipo hekalu la Yerusalemu. Warumi waliliteketeza mwaka 70. Hakuna pazia, hakuna Sanduku. Hata hivyo marabi wengi hadi leo huwakataza watu wao kupanda juu ya mlima ule, kwa kuchelea kukanyaga bila kujua pale palipokuwa Patakatifu pa Patakatifu. Jengo limeondoka, mpaka umebaki.

Kwani dini zote hazizungumzii kitu kimoja kwa majina tofauti?

Ni wazo la kupendeza na lina watetezi wakubwa, lakini siliafiki. Mhindu anayeiaga Durga, Umar mbele ya jiwe, na mtawa wa Zenkoji hawafanyi jambo moja. Kila mmoja akiambiwa kwamba undani wake ni sawa na wa wale wengine, ana haki ya kuona kwamba hakusikilizwa. Ninachokiona kikifanana ni kule kurudi nyuma, si kile kinachowafanya warudi nyuma.

Asiye na dini anaweza kuwa na kitu kitakatifu?

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alijibu ndiyo mwaka 1912. Kwake vitakatifu ni vitu vilivyotengwa na kukatazwa, na kinachoheshimiwa ndani yake ni jamii yenyewe; bendera ya askari ni mfano wake maarufu. Muumini atasema jibu hilo limemwacha Mungu nje, na ni kweli limemwacha. Lakini linaeleza kwa nini mtu asiyesali kamwe hawezi kukanyaga kaburi la mama yake.

Nikitembelea mahali patakatifu pasipo pa dini yangu, nifanyeje?

Uliza kwanza kisichofanywa hapo, ndipo uulize kinachofanywa. Kichwa hufunikwa au hufunuliwa? Viatu vinaachwa wapi? Picha zinaruhusiwa? Mwanamke au mwanamume anaishia wapi? Kama imani yako haikuruhusu kuinama, usiiname. Simama kando kwa utulivu, na wenyeji wengi wataielewa heshima hiyo kuliko kuigiza. Usiokote jiwe wala jani la kumbukumbu.

Katika Australia, Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wakiwaomba wageni kwa miaka mingi, kwa kibao kilichowekwa chini ya mwamba wa Uluru, wasiupande. Wageni wengi walikisoma kibao wakapanda. Tarehe 26 Oktoba 2019 upandaji ukafungwa rasmi. Huko Tibet, mlima Kailash una urefu wa mita 6,638, mfupi kuliko mingi iliyokwishapandwa katika safu za jirani, na hauna rekodi ya kupandwa. Wahindu na Wabuddha huuzunguka kwa miguu wakiuweka upande wa kulia. Wafuasi wa Bon, dini ya jadi ya Tibet, huuzunguka kinyume chao, wakiuweka kushoto. Njiani hukutana uso kwa uso, hupishana, kila mmoja akaendelea na mzunguko wake.